Mtukufu na Zimwi la Darajani

Ilikuwako, na kwa bahati mbaya bado iko, nchi moja ambayo hakuna kitu kinachoanza mpaka mgeni rasmi akianzishe. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali haijafunguliwa. Jengo limekwisha, makarani wameajiriwa na wameanza kuzeeka; kinachosubiriwa ni mgeni rasmi aje kukata utepe. Huko bomba la kijiji huweza kukaa na maji yake ndani msimu mzima, wanawake wakilipita na ndoo kwenda mtoni, hadi aje mkubwa alifungue, anywe funda moja mbele ya kamera, akohoe, apigiwe makofi. Vyoo vya shule ni hivyohivyo. Wanafunzi hujizuia.

Basi nchi hiyo ikatengeneza gemu.

Wazo lilikuwa la Mheshimiwa Bahebe, Waziri wa Burudani na Utii, aliyekuwa amekwenda Japani kwa ziara ya mafunzo. Alilala hotelini, akala, akapiga picha na mti, akarudi na pepeo la karatasi pamoja na joho jeupe la taulo alilolikuta limetundikwa nyuma ya mlango wa bafu. Alilivaa siku ileile alipokutana na waandishi wa habari.

"Hili ndilo vazi la mashujaa wa kale wa Japani," aliwaambia, akijipepea. "Hata sikuliomba. Nililikuta chumbani likinisubiri. Hiyo ndiyo heshima wanayoipa nchi yetu."

Waandishi wakaandika hivyohivyo. Haukupita muda wizara ikatangaza gemu la taifa, *Upanga wa Ukungu*, lililoiga michezo ya Kijapani ya kukatana mapanga: shujaa hupita kwenye misitu ya mianzi na madaraja ya mbao, hupigana na mazimwi yenye pembe, na akifa hurudi mwanzo kabisa. Kwa agizo la waziri, shujaa alivalishwa joho la taulo na malapa meupe ya bafuni.

Wahakiki wa nchi ile hawana makuu. Sheria ya Uhakiki inasema kwamba kusifu kitu kabla hujakiona ni imani, na kukisifu baada ya kukiona ni uthibitisho. Kifungu kingine hakuna. Kwa hiyo gemu lilikuwa bado halijachorwa, magazeti yakawa yameshalipa nyota sita kati ya tano. Moja liliandika kwamba Japani nzima imenyamaza kwa aibu. Jingine lilimwaga sifa kwa muziki wake, ambao mpaka leo haumo.

Aliyeharibu shughuli alikuwa Zamoyoni Kihampa wa gazeti la *Mwangwi*. Alikuwa binti mwenye stashahada ya uandishi na ulimi usiopinda, aliyekulia nyuma ya banda la gemu la shangazi yake, mahali ambapo alikuwa amewaliza wavulana wa mtaa mzima mmoja baada ya mwingine. Michezo ya namna ile ya kufa na kurudi mwanzo aliijua kwa vidole. Na alifanya kosa ambalo hakuna mhakiki wa nchi ile aliyewahi kulifanya: alilicheza gemu kwanza, kwenye nakala ya majaribio iliyopelekwa magazetini, ndipo akaandika.

"Shujaa wetu," aliandika, "anaingia vitani akiwa ametoka kuoga. Hilo tungemsamehe, usafi ni jambo jema. Lakini michezo ya namna hii ina ada yake. Ukifa, vyumba hupangwa upya na adui hubadilishwa, nawe unarudi ukiwa na kitu kimoja ambacho kifo hakikunyang'anyi, yaani umejifunza. Hapa vyumba ni vilevile, zimwi ni lilelile, linatokea kushoto palepale, na ukifa gemu linakupongeza. Huu si mchezo wa kufa na kujifunza. Ni mchezo wa kufa tu."

Mhariri wake, Mzee Mchilowa, aliupitisha uhakiki huo bila kuusoma. Katika nchi ile uhakiki hausomwi, hupimwa urefu.

*

"Shikamoo, mzee," alisema Zamoyoni alipoitwa ofisini.

"Shikamoo ya nini, na umeshaniua?" Mzee Mchilowa alikuwa amevaa tai yake ya kijani, aliyoivaa siku za misiba tu. "Keti. Nakala zote za gazeti zimekusanywa sokoni, hata zilizofungiwa maandazi. Kitambulisho chako cha uhakiki wamekichukua, nimepewa mimi nikitunze. Na gazeti linafungwa, labda uombe radhi siku ya uzinduzi, uwanjani, mbele ya Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe."

Bila kitambulisho kile mtu haruhusiwi kuandika hadharani kwamba kitu ni kizuri, sembuse kibaya. Angeweza kurudi kwa shangazi kupangisha foleni ya watoto bandani. Kazi ya halali, lakini si yake. Kuandika ndiko kulikuwa kitu pekee maishani mwake ambacho hakukiazima kwa mtu.

"Nimekurahisishia," mhariri aliendelea, akamsogezea karatasi. "Kurasa mbili. Wa kwanza unajuta, wa pili unalia."

"Nalia kwa kuandikiwa?"

"Pameandikwa kwenye mabano. 'Hapa alie.' Usipitilize, kwaya inafuata."

"Mzee, lile joho ni la bafuni."

"Najua."

"Unajua?"

"Ninalo kama hilo nyumbani, nilirudi nalo kutoka semina. Mwanangu, watu wote wanajua. Kujua siyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya." Akaipapasa tai yake. "Watu wote wa humu ndani wanakula kwa gazeti hili. Soma karatasi, urudishiwe kitambulisho, Jumatatu uje kazini usifu kitu kidogo. Sabuni, kwa mfano. Anza na sabuni."

Zamoyoni aliikunja karatasi, akaitia mkobani. Hakusema ndiyo wala hapana, na Mzee Mchilowa, aliyezoea nchi yake, akahesabu ni ndiyo.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa tangu asubuhi, kwa kuwa shule zilifungwa na masoko yalizuiwa. Mbele palisimamishwa skrini kubwa kama ukuta wa ghala. Ratiba ilikuwa wazi: wimbo wa taifa, dua, utambulisho wa wageni, kwaya, risala, kisha Mtukufu avuke daraja la kwanza la gemu na kuliangusha zimwi, kisha mhakiki aombe radhi, kisha pilau. Masufuria yalikuwa nyuma ya jukwaa, na upepo, ambao haukuwa na itifaki, uliileta harufu yake mapema.

Mtukufu aliketi kwenye kiti cha ngozi, akakabidhiwa pedi ya kuchezea juu ya mto wa hariri. Hakuwahi kushika kitu kile maishani. Vijana wa usalama walikuwa wameikagua na kukuta ina kitufe cha kukwepa. Wakakiziba kwa plasta yenye rangi za bendera, maana Mtukufu hakwepi.

Akaanza. Shujaa wa taulo alitembea kwa malapa yake mpaka katikati ya daraja. Zimwi lilitoka kushoto, likampiga rungu moja, akaanguka mtoni. Skrini ikaandika kwa herufi kubwa kuliko watu: UMEKUFA.

Uwanja ulikaa kimya kiasi cha kusikika mfuniko wa sufuria. Kumwambia Mtukufu kwamba amekufa ni kosa la uhaini, na hapa ameambiwa mbele ya taifa, tena na mali ya serikali. Ofisa mmoja alisimama kuikamata skrini, akakosa pa kuishikia.

Mshereheshaji, kijana wa suti inayometameta, ndiye aliyeokoa jahazi. "Mabibi na mabwana," alisema kwa sauti ya asali, "Mtukufu amepumzika. Makofi tafadhali."

Makofi yakapigwa. Fundi akabadilisha maandishi yasomeke AMEPUMZIKA. Ndipo Mkuu wa Itifaki, mzee mwembamba aliyetembea kama amebeba yai, akasogea kwenye kipaza sauti na kutoa hukumu iliyoiharibu siku.

"Gemu limemrudisha Mtukufu mwanzo," alisema. "Katika nchi hii hakuna aliye mbele ya Mtukufu. Kwa hiyo na sherehe irudi mwanzo. Tusimame kwa wimbo wa taifa."

Wakasimama. Wimbo ukapigwa, dua ikasomwa, wageni wakatambulishwa mmoja mmoja na kupunga mkono kana kwamba ndiyo kwanza wanafika. Kwaya ikaimba wimbo wa kuvuka. Msoma risala alisoma tena majina yote ya wakubwa mpaka akaishiwa pumzi, ndipo akasema, kwa moyo mweupe, "Itifaki imezingatiwa." Mtukufu akashika pedi, akaenda moja kwa moja katikati ya daraja, na zimwi likatoka kushoto.

Akapumzika.

*

Safari hii Mtukufu hakuliacha jambo lipite.

"Nani mwenye daraja?" aliuliza.

Waziri wa Madaraja alisimama. "Mimi, Mtukufu."

"Nimetengua uteuzi wako."

"Nakushukuru, Mtukufu, kwa kuniona."

Viti vikasogezwa. Waziri wa Misitu akahamishiwa Madaraja, wa Mifugo akahamishiwa Misitu, na jamaa mmoja aliyekuja kurekebisha spika akajikuta Mifugo. Wimbo wa taifa. Dua. Utambulisho ulichukua muda zaidi, kwa kuwa sasa wageni walikuwa hawajui vyeo vyao na ilibidi wanong'onezwe. Kwaya, risala, itifaki. Daraja. Zimwi, kushoto.

Ikawa ndiyo sura ya siku. Akipumzika kwa sababu mianzi imemkinga macho, anatenguliwa wa Misitu. Akipumzika kwa sababu taa imepepesa, anatenguliwa wa Umeme. Akipumzika bila sababu, anatenguliwa aliye karibu. Jua lilikuwa limepanda, likafika utosini, likaanza kushuka upande wa pili, na ndilo pekee uwanjani lililokwenda mbele bila idhini.

Zamoyoni alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kwaya, na kurasa zake mbili mapajani. Alikuwa anauona uhakiki wake ukitembea kwa miguu. Gemu lilikuwa limeshindwa kuvipanga upya vyumba vyake, serikali ikajitolea kupanga upya watu. Zimwi peke yake lilibaki katika wadhifa wake, na kwa haki, maana ndilo pekee lililoijua kazi yake.

"Dada," alisema mwanamke wa kwaya aliyekaa jirani yake, mtu mzima mwenye sauti iliyokwisha kukwaruza. Jina lake Bi Mwanamkasi. "Eti wewe ndiye wa radhi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Yako ni ndefu?"

"Sijaamua kama ipo."

Bi Mwanamkasi alimtazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa asiyejijua. "Usinitanie, mwanangu. Mimi nimebandika maharage nyumbani, nikidhani tunaimba mara moja. Hapa sasa ni mkaa."

Zamoyoni alitaka kucheka, akashindwa, maana yule mama hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yao watoto wa halaiki, waliopangwa kuunda neno USHINDI kwa miili yao, walikuwa wamelala chini kwa njaa, na neno halikusomeka tena.

*

Zamu ya Mheshimiwa Bahebe ilifika alasiri. Mtukufu alimtengua bila hata kuuliza swali, kisha akaangaza macho kwenye jukwaa lililokuwa limebaki na watu wachache wasiowahi kuwa mawaziri.

"Yule nyuma, mwenye tai ya kijani. Anaitwa nani?"

Ndivyo Mzee Mchilowa alivyopata kuwa Waziri wa Burudani na Utii. Aliteremka jukwaani akamfuata Zamoyoni, na kwa mwendo ule mfupi hata sauti ilikuwa imenenepa.

"Ndugu Kihampa."

"Mzee."

"Mheshimiwa," alimsahihisha.

Akarudi kwenye kipaza sauti, na kwa bidii ya mtu mwenye cheo kipya akatoa maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Gemu, alisema, halina kasoro, wahakiki wote wamelipa nyota sita. Madaraja yako sawa, mianzi iko sawa. Kinachomsumbua Mtukufu ni maneno. Kuna mtu alilinenea gemu vibaya, na tangu hapo limepatwa na kijicho. Radhi ikitangulia, daraja litavukika.

Mtukufu alifikiri, kwa namna alivyofikiri. "Basi aombe radhi kwanza," alisema. "Akishaomba, navuka. Nikivuka, watu wale pilau."

Neno *wale* lilipita uwanjani kama umeme. Watoto wa halaiki wakainuka. Kwaya nzima ikageuka kumtazama Zamoyoni, na watu wa majukwaa ya mbali wakaanza kuulizana ni yupi, ni yule mwembamba, mbona hasimami, anaringia nini. Asubuhi walikuwa hawamjui. Sasa alikuwa amesimama kati yao na sahani.

"Omba tu, mwanangu," Bi Mwanamkasi alimwambia, kwa upole uliomuumiza kuliko matusi. "Ni neno moja. Litoke, twende nyumbani."

Kando yake Bahebe alikuwa amejitupa kwenye kiti kitupu, bado na joho lake, jasho likimtiririka ndani ya taulo.

"Binti," alinong'ona, "sema kweli. Ni la bafu?"

"Ni la bafu, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilijiuliza kwa nini lilikuwa na unyevunyevu," alisema. "Nikadhani ni hali ya hewa ya kule."

Zamoyoni akainuka. Kurasa zilidondoka, hakuziokota.

*

Mzee Mchilowa alimpokea kwenye kipaza sauti, akafunua mfuko wa koti kidogo ili aione ncha ya kitambulisho. "Kiko hapa," alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe alisikika kama yule mhariri wa zamani. "Usinitie aibu siku yangu ya kwanza."

"Shikamoo, Mtukufu," alisema Zamoyoni.

"Marahaba. Omba."

"Zimwi linatoka kushoto."

Mtukufu akamtazama.

"Limetoka kushoto tangu asubuhi. Umemtengua mwenye daraja, ukamtengua mwenye mianzi, ukamtengua na mwenye umeme. Zimwi hujalitazama hata mara moja. Hiyo plasta uliyobandikiwa inaziba kitufe cha kukwepa. Ibandue. Likiinua rungu, bonyeza, ruka kulia, kisha lipige mgongoni. Watoto wa bandani kwa shangazi yangu wangekuwa wameshavuka, wamekula, wamelala."

Mtukufu aliishusha pedi mapajani na kuiangalia kama aliyeonyeshwa kidole chake mwenyewe ambacho hakujua anacho. Kidole gumba kilisogea mpaka ukingoni mwa plasta. Kucha ikaingia chini yake. Kipande kidogo cha bendera kikainuka, na uwanja mzima, kwaya, halaiki, wapishi waliotoka na miiko yao, wakainama mbele pamoja nacho.

Mkuu wa Itifaki alikohoa.

"Mtukufu hakwepi," alisema.

Kidole kikaondoka. Kipande cha plasta kikabanwa kikarudi palepale, kwa uangalifu, kisije kikaonekana kimewahi kuinuka.

"Mmesikia," Zamoyoni aliwaambia wa majukwaani, na sasa sauti yake ilikuwa kavu. "Mna njaa, na mnaambiwa anayewazuia kula ni mimi. Mimi nimezuia nini? Sufuria ziko pale nyuma, wala hazina mlango. Kilichowakalisha hapa ni gemu bovu, lenye joho la bafuni na zimwi moja, na watu wazima wanaoona afadhali taifa zima lipumzike na kurudi mwanzo mpaka jua lizame kuliko mtu mmoja asogee kidogo kulia. Mimi niliandika kwamba gemu hili halifundishi kitu. Nilikosea kidogo. Limetufundisha leo, ila waliofundishwa siyo walioshika pedi."

"Na radhi?" Mzee Mchilowa alimnong'oneza. Mkono wake ulikuwa kwenye mfuko wa koti. "Zamoyoni, mwanangu. Radhi."

"Gemu lilikuwa bovu nilipoandika. Asubuhi lilikuwa bovu. Na sasa ni bovu mbele ya mashahidi."

Mshereheshaji alicheka kicheko chake cha asali, kikamkwama. Akamsogezea kipaza sauti karibu zaidi, kama anayemsaidia mgonjwa kunywa maji. "Mabibi na mabwana, mitambo yetu inasumbua kidogo leo. Nadhani dada yetu alisema anaomba radhi, haikushika vizuri. Hebu rudia, dada, kwa ufupi tu."

"Mitambo imeshika," alisema Zamoyoni. "Kitambulisho baki nacho, mzee. Siombi radhi."